Chombo Kitabeba Nini?

Jahazi la mwisho kuliunda kwa mkopo wangu mwenyewe lilikaa juu ya magogo pwani ya Nungwi zaidi ya miaka miwili bila kuguswa na maji. Aliyeniagiza alikuja na arubuni mkononi, akataja urefu anaoutaka, akataka tumbo pana na shetri, ile sehemu ya nyuma, iwe ya juu, akaenda zake. Simu yake haikupokelewa tena. Wakati huo mimi nimeshakopa mbao za kumalizia. Muuza mbao akawa anakuja kila Ijumaa baada ya sala, anasimama chini ya mkungu, hasemi kitu, anatazama tu. Jua nalo likafanya kazi yake. Mbao nilizozikalisha sawasawa zikaanza kuachana, pamba ya kalafati ikatokeza kwenye maungio kama uzi wa mshono uliofumuka. Mwisho nikaliuza kwa bei ya mbao, na nusu ya deni ikabaki pale pale.

Kwetu ni ukoo wa mafundi wa vyombo. Tezo ninayoitumia hadi leo ni ya marehemu baba, mpini tu ndio nimeubadilisha mara mbili. Baba alinifundisha kuuchagua mti ukiwa bado umesimama porini, kutazama tawi lililopinda na kuliona taruma, ubavu wa chombo, ndani yake kabla ya kulikata. Alinifundisha kuutandika mkuku, uti wa mgongo wa chombo, kupanda na mbao moja moja bila karatasi wala mchoro, jicho tu. Yote hayo niliyajua vizuri, na nayasema bila kujisifu kwa sababu ni kweli. Bado nilianguka. Ilinichukua miaka kujua nilianguka wapi, na aliyenionyesha ni mtu aliyekufa zamani sana, seremala wa meli wa kisiwa kimoja cha Bahari ya Kaskazini.

Miaka 11 sasa naishi Bremerhaven, Ujerumani, pale mto Weser unapomwaga maji baharini. Nafanya kazi kwenye karakana ndogo ya kutengeneza vyombo vya zamani vya mbao. Siku moja katika mwaka wangu wa kwanza, tumekaa tunakunywa kahawa, fundi mkuu wetu, mzee mpole mwenye vidole vinene, akaniuliza nimejifunzia wapi kazi. Nikamwambia, kwa baba, ufukweni. Akatikisa kichwa, akasema kuna mtu alikuja mji huu hivyo hivyo, na zana zake na mkewe, akitokea Heligoland, na akafa akiwa na chelezo chake, mahali pa kuundia meli, na meli zake. Jina lake Rickmer Clasen Rickmers.

Mimi la Rickmers halikunishughulisha siku ile. Lililonishtua ni Heligoland. Mtoto yeyote wa Zanzibar aliyepita darasa la historia analijua jina hilo kabla hajajua mji mwingine wowote wa Ujerumani. Ni ule mkataba wa 1890. Mtaani watu husema Wajerumani waliitoa Zanzibar wakapewa Heligoland, kama watu waliobadilishana mbuzi kwa kuku. Haikuwa hivyo, kwa sababu Zanzibar haikuwa ya Wajerumani hata waitoe. Walichofanya ni kukubali Waingereza wawe walinzi wa Unguja na Pemba, na kuondoka Witu kule bara ya Lamu, na wao wakapewa kile kisiwa. Wenyewe wa Unguja hawakuulizwa, wala wa Heligoland hawakuulizwa. Hili la pili sikuwahi kulifikiria mpaka siku nilipokwenda.

Nilikwenda kiangazi, peke yangu, kwa meli ya abiria. Jiwe jekundu limesimama katikati ya maji, juu yake majani mabichi, na pembeni mchanga mweupe. Kisiwa chenyewe ni kama kilomita moja ya mraba, pungufu ya mashamba ya watu wengine. Meli haikufunga gati. Ilitia nanga nje, yakaja mashua ya wazi ya mbao kutuchukua. Ukifika mlangoni mwa meli, mabaharia wawili wanakushika kila mmoja mkono wake, wanasubiri wimbi lipande, wanakutua ndani kama mzigo wa mayai. Mashua hizo wanaziita Börteboot. Zina urefu wa kama mita 10, zimeundwa kwa mbao za mwaloni, nzito, na wenyewe wanazienzi kama sisi tunavyoienzi ngalawa.

Nilipokaa nikateremsha mkono chini ya kibao cha kukalia, nikapitisha kidole gumba kwenye ungio la mbao mbili. Kidole hakikupata pa kuingia. Nikaendelea mpaka taruma la pili, la tatu. Baharia mmoja mzee akaniona, akanikazia macho, kisha akagonga ubavu wa mashua kwa ngumi mara mbili na kunitikisia kichwa. Hatukusema neno. Nilijihisi niko Mkokotoni, kwetu Unguja.

Hapo ndipo alipozaliwa Rickmers, mwaka 1807. Kisiwa kilikuwa cha Denmark, na mwaka ule ule Waingereza wakakichukua kwenye vita vya Napoleon. Basi akakua chini ya Mwingereza, akafa Mjerumani. Kisiwa hakina msitu. Ubao wote unatoka ng'ambo, kwa hiyo fundi wa huko hutazama kila kipande mara tatu kabla ya kutia msumeno. Watu walikuwa wavuvi na marubani wa kuongoza meli za wageni kuingia kwenye midomo ya mito ya Elbe na Weser, na fundi kazi yake ilikuwa kuwaundia na kuwatengenezea mashua.

Mwaka 1832, kijana wa miaka 25 aliyekwishaoa, akahamia Bremerhaven. Nilipoisikia habari hii mara ya kwanza nilidhani alikwenda tu kutafuta kazi kama tunavyokwenda sote. Baadaye nikaanza kuhesabu miaka, na miaka ikaniambia kitu kingine.

Mji wa Bremen uko ndani, juu ya mto, na mto ulikuwa unajaa mchanga. Meli kubwa hazifiki. Meya wao, Johann Smidt, akanunua ardhi kwa Mfalme wa Hannover mwaka 1827, kule mdomoni, ili Bremen ipate bandari yake ya maji marefu. Bandari ikafunguliwa 1830. Kwa hiyo Rickmers alipofika, mji wenyewe ulikuwa mtoto wa miaka miwili tangu bandari ifunguliwe, tope kila mahali. Na mwaka huo huo wa 1832 serikali ya Bremen ikatoa amri juu ya wahamiaji wanaokwenda Marekani: meli iwe imethibitishwa kuwa nzima ya kusafiri, na mwenye meli atie chakula cha siku 90 kwa kila abiria. Wenye meli waliona mzigo, lakini maskini waliokuwa wakidhulumiwa kwenye bandari nyingine wakasikia kwamba Bremen kuna usalama, wakamiminika huko. Kuanzia 1830 hadi 1974 walipita Bremerhaven watu zaidi ya milioni 7.

Mimi ni fundi, nikisoma amri kama ile sioni sheria, naona kazi. Meli lazima ikaguliwe. Ikikaguliwa itakutwa na kasoro. Kasoro inataka seremala, na seremala mzuri hawezi kukaa bila kazi siku moja. Rickmers kwanza alifanya kazi kwenye chelezo cha mwenzake, halafu 1834 akafungua karakana yake. Alianza na mashua, si meli. Hilo fundi mkuu wetu hulikariri sana kwa vijana: mashua kwanza.

Sasa nije kwenye jambo lililonigusa mimi.

Kule kaskazini ya Ujerumani kulikuwa na desturi ya kumiliki meli kwa sehemu. Meli moja hugawanywa sehemu nyingi ndogo. Nahodha ana zake, mfanyabiashara ana zake, muuza kamba ana yake, mjane wa nahodha wa zamani ana yake, na aliyeiunda naye anaweza kuchukua zake badala ya sehemu ya malipo. Safari ikileta faida, kila mtu anapata kwa kadiri ya sehemu yake. Meli ikizama, hakuna anayezama na kila alichonacho. Kwetu jambo hili si geni kabisa. Jahazi likirudi, hutolewa gharama, kinachobaki hugawanywa mafungu: fungu la chombo, la nahodha, la mabaharia. Nimekula mafungu hayo tangu utotoni, kwa sababu mjomba wangu alikuwa nahodha. Lakini sikumbuki hata mara moja kumsikia fundi anatajwa. Fundi hulipwa, hupewa nguo siku ya kushua, husomewa dua, na asubuhi yake chombo kinakwenda na yeye anabaki ufukweni na vumbi la mbao.

Rickmers hakubaki ufukweni. Katika miaka ya 1840 alianza kuwa na sehemu katika meli, na baadaye meli nzima zikawa zake. Kuna watu husema alikuwa na tamaa ya utajiri. Mimi sioni hivyo, au tuseme si hilo tu. Mtu mwenye chelezo ana ugonjwa mmoja unaomuua: kazi inakuja kwa mafungu makubwa. Leo wateja watatu wanakusukuma, kesho miezi minane hakuna anayepita hata kuuliza. Mafundi wakiondoka kwa njaa, hawarudi wote. Ukiwa na uwezo wa kuunda chombo chako na kukitia kwenye biashara, mafundi wako wanaendelea kushika tezo hata sokoni kukiwa kimya. Na chombo kisichonunuliwa hakikauki juani. Kinashuliwa, kinakwenda kutafuta riziki yake.

Nilipolielewa hili nilikuwa nimekaa kitandani na daftari, usiku, na nililia kidogo. Lile jahazi langu lilikuwa zima. Lilikuwa zima kabisa! Lingetiwa deheni, mafuta ya kulinda mbao na maji, na kushuliwa na kupewa nahodha, lingeanza kulipa deni msimu ule ule. Mjomba alikuwa hai. Lakini kichwani mwangu lilikuwa ni la yule bwana aliyetoweka, na kazi yangu mimi ilikuwa kusubiri. Sikuwahi hata kumwuliza alitaka kubeba nini. Alisema tumbo pana, nikampa tumbo pana. Kama ningemwuliza siku ya kwanza, labda kujikwaa kwake kwenye jibu kungenionyesha kwamba hana biashara yoyote, ana ndoto tu na pesa za arubuni.

Rickmers alijua meli zake zinabeba nini. Aliziona zikiondoka na watu, akataka kujua zinarudi na nini, na akaendelea kufuata mpaka mwisho wa uzi. Mwaka 1857 chelezo chake kikahamia ng'ambo ya mto Geeste, sehemu inayoitwa Geestehelle, ardhi ya Hannover, ambako nafasi ilikuwa kubwa zaidi. Kisha mchele. Meli zilikuwa zinaleta mchele kutoka Burma, nao ulipofika ulitaka kukobolewa, na Bremen ikawa mji wa vinu vya mchele. Yeye na wanawe wakaingia humo, na katika miaka ya 1870 wakawa na kinu chao. Kwa hiyo seremala wa mashua akawa anaunda meli, anaimiliki, anaitia mchele wake, anaukoboa mwenyewe. Wazee wetu Unguja waliokula mchele wa Rangoon, bandari ya Burma hiyo hiyo, wangeshangaa kujua kwamba upande wa pili wa dunia kuna fundi mwenzao aliyekuwa anaushughulikia mchele huo huo.

Lazima niseme na upande mwingine, maana sipendi kusimulia maisha ya mtu kama maulidi. Hilo swali la chombo kitabeba nini halina faida peke yake ndani yake. Biashara iliyoulisha mji huu wote ilikuwa kupeleka wahamiaji Marekani na kurudi na tumbaku na pamba, na pamba ile na tumbaku ile, mpaka 1865, ililimwa kwa mikono ya watumwa. Wahamiaji wenyewe walilazwa daraja la chini ya sitaha, watu wamebanana, watoto wakafa njiani. Mimi natoka kisiwa ambacho karafuu yake ilichumwa na watumwa na majahazi yake, yaliyoundwa na watu wa kazi yangu, yaliwabeba watumwa hao. Siwezi kumnyooshea kidole mtu wa Bremerhaven nikajiacha mimi. Lakini siwezi pia kusema fundi hahusiki. Aliyetandika mkuku anajua tumbo la chombo lina upana gani na kwa ajili ya nini.

Alifariki 1886, mwaka ambao Waingereza na Wajerumani walikaa wakagawana bara nyuma ya pwani yetu na kumwachia Sultani ukanda wa maili 10. Kisiwa chake kikawa cha Ujerumani miaka minne baadaye, hakuiona siku hiyo. Miaka mitatu baada ya kifo chake shughuli za familia zikawa kampuni ya hisa, na jina walilolipa nimelitazama mara nyingi: Rickmers Reismühlen, Rhederei und Schiffbau. Vinu vya mchele, usafirishaji kwa meli, na uundaji wa meli. Tazama mpangilio. Kazi ya mikono aliyokuja nayo kutoka kisiwani, iliyozaa yote hayo, imewekwa mwisho.

Na chelezo chenyewe kilipita mengi. Kilifungwa mwaka 1924, kikafunguliwa tena 1937, kikafungwa moja kwa moja 1986, miaka 100 kamili baada ya mwenyewe kufa. Fundi mkuu wetu alipokuwa ananieleza hilo la 1986 alikuwa ananoa patasi, na aliendelea kuinoa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Meli moja iliyoundwa pale unaweza kuipanda mpaka leo. Iko Hamburg, kwenye gati za Landungsbrücken, inaitwa Rickmer Rickmers. Iliundwa mwaka 1896, chuma si mbao, urefu wake mita 97, milingoti mitatu. Wakati wa vita ya kwanza, mwaka 1916, Wareno waliikamata kwenye visiwa vya Azores, ikakaa kwao miaka mingi kama chombo cha kufundishia wanamaji, mpaka ilipoletwa Hamburg 1983 ikiwa imeoza na kutu, ikatengenezwa. Nimekwenda mara nne. Imepakwa kijani, nyekundu na nyeupe, rangi za kisiwa kile: majani, jiwe, mchanga. Watu wengi wanapiga picha milingoti. Mimi huenda omoni, mbele kabisa, chini ya mlingoti unaochomoza nje, kutazama sanamu. Ni mtoto mdogo wa kiume, kama wa miaka mitatu, mjukuu ambaye meli ilipewa jina lake. Hajabeba upanga wala taji. Anatazama maji tu.

Mwaka jana mtoto wa kaka yangu alinipigia simu kutoka Nungwi. Yeye ndiye aliyebaki na kazi. Kuna mtu wa Pangani anataka mashua ya futi 38, ameshatoa arubuni.

"Ami, nimeshapata mkuku. Nianze?"

Nikamwuliza itabeba nini.

Akacheka, akasema alijua nitauliza. Itabeba ng'ombe kuja Unguja, na kurudi na bidhaa za duka. Nahodha ameshapatikana, ni mtu anayemjua, wamekubaliana watatu wawe na sehemu: tajiri, nahodha, na yeye fundi, kwa kupunguza malipo yake. Ameliandika kwa sheha na mashahidi wawili. Nilinyamaza muda, akadhani simu imekatika.

"Ng'ombe wanakojoa," nikamwambia. "Mkojo ukikaa ngamani, chini kabisa ya chombo, utakula mataruma ya chini kabla ya mwaka wa tatu."

"Ndiyo maana nimekupigia, Ami."

Tukaongea mpaka salio lake likaisha, kisha nikampigia mimi. Tulikuwa tunatafuta pa kuweka sakafu ya kuinuka, imeegemea upande gani, na tundu la kutolea maji litobolewe taruma la ngapi kutoka shetri. Yeye alisema la nne. Mimi nikasema la tano, kwa sababu mashua ikipakia ng'ombe hukaa zaidi kwa nyuma. Akaenda kupima na kamba, akarudi kwenye simu akihema, akasema la tano.